Shingo yangu, kofia za viua, na mbuzi aliyepanda benchi

Mwaka jana, kwenye kumi la mwisho la Ramadhani, niliamka kuandaa daku na shingo haigeuki. Sisemi ilikuwa inauma nikiigeuza, haigeuki kabisa. Mume wangu ananiita kutoka ukumbini, nami namgeukia mwili mzima kama mlango. Na nilikuwa na kofia mbili za viua za kumaliza kabla ya Sikukuu. Wanaoijua kazi hii wanajua kuwa wateja wa kofia huikumbuka Idi pale wanapoanza kutafuta mwezi.

Kwa asiyeijua, kofia ya viua hushonwa kwa mkono, kitundu baada ya kitundu, na moja hula wiki kadhaa, nyengine miezi. Mchana mimi ni karani wa hesabu, usiku nashona. Kwa hiyo asubuhi nimeinamia kompyuta, jioni nimekalia mbuzi nakuna nazi, usiku nipo mkekani mgongo umepinda kama ndoana, kofia mapajani na pua yangu imo ndani ya kofia. Ukinihesabia siku nzima, nilikuwa natazama mbele pale tu ninapovuka barabara ya Darajani, hapa mjini Unguja.

Mama mkwe alinikanda kwa mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ya Pemba, yale yanayopasha moto mpaka unahisi bega limewekwa juu ya jiko. Sitayasema vibaya, nililala vizuri siku mbili. Ya tatu nikarudi kuwa mlango. Nikenda hospitali moja, nikapewa vidonge vya maumivu bila ya mtu kunigusa wala kuniuliza nafanya kazi gani. Vidonge vikesha, maumivu yako pale pale.

Aliyenisaidia ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, msichana mdogo kuliko mimi, niliyeelekezwa na shoga yangu wa ofisini. Hakuanza na shingo. Aliniambia, "Dada, hiyo kofia iliyomo mkobani itoe, ushone kidogo nikuone." Nikashona. Akachukua simu yangu akanipiga picha ya ubavuni. Nilipoiona nilidhani ni mtu mwengine. Mabega yamekuja mbele, kifua kimezama, na shingo imechomoza kama kobe wa kisiwa cha Changuu anayenyooshewa mchicha na mtalii.

Hapo ndipo aliponieleza habari ya kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kiasi cha kilo 5. Kikikaa juu ya mabega sawasawa, mifupa inakibeba na misuli inasaidia tu. Kikisogea mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke, na inazuia saa nzima bila ya kupumzika. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu hiyo kwa kompyuta: ukiinamisha kichwa nyuzi 15, mzigo kwenye shingo unafika kama kilo 12, nyuzi 30, kilo 18, nyuzi 60, kilo 27. Ni hesabu tu, hakuna shingo ya mtu iliyotiwa kwenye mizani, lakini nilivyokuwa nikishona mimi zile nyuzi 60 hazikuwa mbali. Hilo ni gunia la mchele la kilo 25 na vibaba vyake vya juu.

Nimeanza na shingo kwa sababu ndiyo iliyoniuma, lakini faida ya kukaa vizuri niliihisi kwanza pahala nisipopatarajia, nayo ni pumzi. Ukijikunja, mbavu zinabanana na kiwambo kilicho chini ya mapafu kinakosa nafasi ya kushuka. Jaribu sasa hivi: jikunje kama unatafuta sindano iliyodondoka, vuta pumzi. Halafu inuka, vuta tena. Ile tafauti ndiyo iliyokuwa inanifanya nipige miayo saa nne asubuhi, nikadhani nimepungukiwa damu.

La pili kiungulia. Nilikuwa nafuturu, kisha najikunja papo hapo na kofia yangu, tumbo limejaa na limebanwa. Acha hapo kile cha tumboni kipande juu. Sasa nikishakula nakaa wima au natembea kidogo uwani, na kile kiungulia cha usiku kimepungua sana. Maumivu ya kichwa ya kisogoni, yanayoanzia shingoni na kupanda mpaka nyuma ya macho, nayo yamepungua. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyokuwa vikifa ganzi vimechukua muda zaidi.

Lakini naomba tusidanganyane. Mkao si dawa ya kila kitu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na wengi wao haiwezi kuoneshwa sababu moja ukasema ni hii. Wifi yangu wa Jambiani analima mwani. Bamvua, yale maji yanayokupwa sana, ikifika yumo baharini maji ya magoti, anafunga mbegu kwenye kamba, na hainamishi mgongo kama mimi. Anakunja nyonga, mgongo umelala sawa kama ubao wa meza. Wageni humpiga picha kwa uzuri wa ule mwinamo. Na jioni kiuno kinamuuma vile vile, kwa sababu ni saa tatu nne za mwinamo mmoja, kisha gunia la mwani mbichi kichwani. Mwinamo mzuri ukiushikilia mno, nao unachosha.

Ndiyo maana yule mtaalamu alinikataza kukaa kama askari wa gwaride. Nilipofika mara ya pili nimejikaza kifua mbele, alicheka. Akaniambia vile visahani laini vilivyo baina ya pingili za mgongo, kwa mtu mzima, havina mishipa ya damu ya kuvilisha kama nyama nyengine. Vinapata chakula chao kwa kubanwa na kuachiwa, mfano wa dodoki: likibanwa linatoa maji, likiachiwa linanyonya. Dodoki lililobanwa kutwa, hata likibanwa kwa adabu, linakauka. Kwa hiyo kanuni aliyonipa ni mbili tu: kazi ipande ije kwangu badala ya mimi kuishukia, na nisikae namna moja muda mrefu.

Ya pili ilinishinda mwanzo. Niliweka kengele ya simu kila nusu saa, nikawa naizima bila hata ya kuitazama. Kilichonifaa ni uzi. Uzi mmoja kwenye sindano unanichukua kama dakika ishirini. Basi ukimalizika sitii mwengine mpaka nisimame, niende ukutani, niegemeze makalio, mabega na kisogo, nirudishe kidevu ndani taratibu kama mtu anayekataa kijiko cha dawa, mara tano, halafu nirudi. Uzi hauzimiki kama kengele.

Kuhusu kazi kupanda: nimeacha mkeka kwa kushona, nakaa kwenye kiti, miguu imefika chini yote, na mgongo wa chini nimeuwekea taulo iliyokunjwa. Mapajani naweka mto mnene, viwiko vinapumzika juu yake, na kofia inanifika kifuani. Taa nimeihamisha, maana nusu ya kuinama kwangu ilikuwa ni kufukuza mwangaza, wala si ushoni. Kama na wewe unainama mno, pima macho kwanza kabla hujaulaumu mgongo. Ofisini kompyuta nimeipandisha juu ya bunda mbili za karatasi, ukingo wa juu wa kioo unalingana na macho. Simu naileta usoni, na mkono ukichoka ndiyo dalili ya kuiweka chini. Kitandani nilikuwa nalalia mito miwili ya sufi, nimebaki na mmoja.

Daladala za mbao sina ushauri. Dari ni lile lile, na ukiwa mrefu unaingia umeinama na unatoka umeinama. Ninachofanya nikiteremka Bububu ni kusimama kidogo na kujinyoosha kabla sijaanza kutembea, wacha watu watazame.

Kuna jambo jengine limenirudia. Chuoni, tukiwa watoto, tulikaa na msahafu juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, na ustadhi alikuwa hataki msahafu mapajani. Sisi tulijua ni heshima ya Kitabu tu. Leo naona na shingo zetu zilifaidika. Na kwenye rukuu akitupitishia kiganja mgongoni, akisema mgongo uwe sawa kiasi cha kutiwa maji yakatulia. Siku hizi nikirukuu kwa haraka namkumbuka, narudi polepole.

Haya niliyoyaeleza ni ya mtu aliyechoka kwa kazi. Ukiwa umeanguka, au una homa pamoja na maumivu ya mgongo, au mguu unakosa nguvu, au unapata ganzi baina ya mapaja, au mkojo huuzuii, hapo usikae kutafuta mto wala mafuta ya makonyo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Imebaki mbuzi. Kukuna nazi ndiyo kulikonishinda kurekebisha, kwa sababu mbuzi iko chini na wewe lazima uifuate. Mwisho nikaipandisha juu ya benchi refu la uwani, nikalipanda benchi kama farasi, sinia limekaa mbele yangu juu ya kigoda. Mama mkwe alitoka jikoni akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mkaza mwanangu, hii leo mbuzi kapanda benchi! Kesho ng'ombe atapanda dari." Alikwenda kuwaita na majirani.

Ijumaa iliyopita nilirudi nyumbani mapema kutoka kazini. Nikamkuta yeye uwani, kakaa kwenye lile benchi, mbuzi mbele yake, nazi ya tatu imo mkononi. Alinitazama, akaendelea kukuna.

"Chini kulikuwa na maji," akasema.