Muulize Mwalimu: Nimekosa praktiko tatu, mtihani nitafanya kweli?

*Mwalimu, natumai uko salama. Niko mwaka wa pili, nasoma baiolojia kwa chuo kimoja hapa Nairobi, naishi Githurai. Semista hii lekcha za maikrobaiolojia ni 14 na nimekosa moja tu, lakini praktiko za labu ni 10 na nimekosa 3. Ya kwanza nilikuwa na taifodi, kliniki ya mtaani wakanipa sikofu, karatasi ya ruhusa ya ugonjwa, ya siku 4. Ya pili nyanya alituacha, tukaenda kumzika Busia. Ya tatu nisikudanganye, mvua ilikuwa inanyesha na jam ya Thika Road nilijua itakuwa mbaya nikarudi kulala, rumeti wangu akanisainia. Teknishani akagundua. Sasa lekchara anasema niko asilimia 70 na jina langu haliendi kwa listi ya mtihani. Ile sikofu bado iko kwa begi, nilidhani siku moja wataniuliza. Nifanye? – Wa Githurai*

Pole kwanza kwa nyanya, dadangu. Sasa tukae chini tupige hesabu ju hapa kila kitu ni hesabu, na nikimaliza utakasirika kidogo lakini si kwa lekchara.

Vyuo vyetu vingi vinataka mwanafunzi awe amehudhuria ama thuluthi mbili ama asilimia 75 ya masomo ndio akubaliwe kukaa mtihani. Watu huchukulia hizo mbili kama kitu kimoja, kumbe wewe uko katikati yake kabisa. Saba kwa kumi ni 70. Kama chuo chako kinasema thuluthi mbili, hiyo ni 66 na kitu, umepita, na kama ni 75 umeanguka. Kwa hivyo kabla ulie tafuta kitabu cha sheria za wanafunzi, ile walikupa siku ya kuripoti ukaweka chini ya godoro, usome ni gani. Ukishasoma hapo angalia pia kama praktiko zinahesabiwa kando ama zinachanganywa na lekcha, ju zikichanganywa uko na 24 umekosa 4, hiyo ni asilimia 83 na hatungekuwa tunaongea. Lakini kozi za sayansi nyingi hutenganisha, na mimi naona wako sawa, nitakwambia kwa nini.

Lekcha ukikosa unachukua noti za mwenzako, unapiga kopi, maisha yanaendelea. Praktiko ya maikro huwezi kopi. Agari, ile jeli ya sahani ambayo bakteria huotea, imechemshwa asubuhi hiyo, bakteria wametolewa kwa friji wakaamshwa jana yake, unapaka sahani yako unaweka kwa inkubeta, lile kabati la joto, digrii 37, kesho yake unarudi kuhesabu koloni, yale madoa ya bakteria walioota. Ukikosa siku moja umekosa mbili, na teknishani hawezi kurudia hiyo kazi yote kwa sababu ya mtu mmoja.

Na hapo ndipo mlipokamatwa. Nilifundisha labu miaka kadhaa kabla sijaanza kuandika hapa, na kulikuwa na siku listi ilikuja na sahihi 31, nyingine zimeandikwa na biro ile ile ya kijani, nikaenda kwa inkubeta kimyakimya nikahesabu sahani zilizoandikwa majina. 26. Tunawafundisha muandike jina chini ya sahani, upande wa agari, si kwa kifuniko ju vifuniko hubadilishana, na hapo chini hapadanganyi. Wale watano sikuwauliza kitu siku hiyo. Niliwangoja wiki iliyofuata walete ripoti, na wawili walileta ripoti na idadi ya koloni za sahani ambayo haikuwepo duniani.

Sasa hesabu yenye itakukasirisha. Taifodi na mazishi zote ni sababu ambazo chuo hukubali, hizo hata hakuna ubishi. Kuna idara zinakuruhusu ufanye praktiko uliyokosa na grupu lingine wiki hiyo hiyo, na kuna zingine zinatoa tu ile siku kwa hesabu. Tuseme yako inatoa. Praktiko zinabaki 8, wewe uko na 7, hiyo ni asilimia 87 na nusu. Ile siku ya mvua ungeiacha tu kama ilivyo, mtoro wa siku moja, hakuna mtu angekusumbua. Umemtuma rumeti akuibie kitu ambacho hukuwa unahitaji! Na sasa yeye pia ako kwa shida, kusainia mwenzako ni kosa la nidhamu kwa wote wawili, si suala la asilimia tena.

Ya kufanya ni hivi. Leo, si Jumatatu, andika barua kwa mwenyekiti wa idara, yule mnamwita COD, nakala kwa lekchara. Barua fupi. Tarehe hii nilikuwa mgonjwa, tarehe hii nilikuwa mazishini, naomba zihesabiwe kama ruhusa, nimeambatisha hivi na hivi. Sikofu angalia kama iko na tarehe ya kuanza na ya kuisha, jina na namba ya usajili ya aliyekutibu (kwa kliniki nyingi za mtaani anayekutibu ni klinikal ofisa, si daktari, nao wako na baraza lao na namba zao) na muhuri. Risiti ya dawa peke yake si sikofu, hiyo inaonyesha tu ulinunua panadol. Kisha uipitishe kliniki ya chuo waigonge, vyuo vingi hutaka karatasi ya nje ipitie kwao. Utaambiwa umechelewa, na ni kweli umechelewa, kubali ueleze, usianze kutunga hadithi ingine. Ya mazishi weka nakala ya kibali cha mazishi ama ile programu yenye picha ya nyanya, na kama uko na barua ya chifu ongeza. Tiketi ya basi ya Busia pia si mbaya.

Toa kopi mbili, ya pili mwambie sekretari aigonge muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hii naisema kila mara na watu hawasikii, wanaacha barua mezani wanaenda, mwezi ukiisha barua haiko na hakuna mtu anakumbuka sura yako.

Ile ya kusainiwa usiiweke kwa barua ya ruhusa. Nenda umuone lekchara mwenyewe, pamoja na rumeti kama atakubali, mseme ilikuwa kosa. Usimlaumu teknishani tafadhali, alikuwa anafanya kazi yake.

Na wakikataa yote, uliza sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi wa ofisi ukikuumiza, na kuna sheria ya 2015 ya kutekeleza hiyo. Ukiwa na hiyo karatasi ndio unaweza kukata rufaa kwa mkuu wa kitivo, yule mnamwita dean. Kwa mdomo hutafika mbali.

*Mwalimu, kuna tofauti gani kati ya spesho na sapu? Nililazwa hospitali siku ya mtihani. – Kevo*

Kubwa sana. Spesho ni ya mtu ambaye hakufanya kwa sababu inayokubalika, unafanya kama mara ya kwanza na unapata maksi zako zote. Sapu ni ya aliyefanya akaanguka, na hata ukipata 80 vyuo vingi vinakuandikia 40, ile ya kupita tu. Kwa hivyo omba spesho na karatasi za kulazwa mkononi, usikubali mtu akuweke kwa listi ya sapu ati ni rahisi.

*Mimi ni Msabato na praktiko yetu imewekwa Jumamosi asubuhi. Lekchara anasema nichague kanisa ama shule.*

Hapaswi kusema hivyo. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe nafasi kwa taasisi kwa sababu ya imani yake. Lakini usingoje Ijumaa jioni, mwandikie wiki ya kwanza ya semista, tafuta grupu la katikati ya wiki lenye nafasi, umpelekee jibu badala ya shida. Barua ya pasta ambatisha. Lekchara wengi huona grupu B iko na viti viwili tupu wanakubali haraka.

*Nikichelewa dakika 20 kwa labu, hiyo ni kukosa?*

Kwa labu ya kemia mara nyingi ndio. Dakika za kwanza ndizo za kuelezwa asidi gani iko wapi na ukimwagikiwa unakimbilia bomba gani, na mtu ambaye hakusikia hiyo hakuna teknishani mwenye akili atamkabidhi chupa. Na ukifika mapema kabisa lakini na sendo, viatu vya wazi, na bila koti nyeupe, hapo mlangoni pia unarudi.