Kabla ya kusaka nadharia mpya, hesabu dadu kwa mkono

Msomaji aliyeanza shahada ya uzamivu kaniandikia kwamba anapenda uthibitishaji wa mifumo yenye bahati nasibu ndani yake (kuthibitisha kwa hesabu kwamba inafanya inavyotakiwa), ila msimamizi wake anamwambia fani hiyo haina ajira. Nami niliambiwa hivyo hivyo, mbele za watu, na neno lile halijaacha kuniuma. Wiki hii andiko letu limekubaliwa mkutanoni, basi namjibu nikiwa na nguvu.

Mimi nilianza na dadu ya Knuth na Yao ya mwaka 1976, inayopatikana kwa kurusha sarafu tu. Nilizichora hali zote kwenye karatasi. Ukirusha mara tatu, matokeo sita kati ya manane yanakupa uso wa dadu. Mawili yanakurudisha nyuma. Ukiwa upande wa kushoto wa mchoro, wenye nyuso 1, 2 na 3, baada ya mrusho wa kwanza, uwezekano wa kupata 1 ni p = 1/4 + p/4, yaani 1/3. Zidisha kwa nusu, uwezekano wa kuangukia upande huo: 1/6. Kwa wastani unarusha mara 11/3.

Ndipo nikaiingiza kwenye PRISM, programu ya kukokotoa uwezekano wa mifumo ya aina hii, ikanipa desimali iliyo karibu na 1/6. Karibu kiasi gani? Njia ya kurudiarudia hesabu kwa kawaida husimama pale raundi mbili zinazofuatana zinapokaribiana, lakini kwenye mnyororo wa Markov (mfumo unaohama hali moja hadi nyingine kwa bahati nasibu) unaosogea polepole, raundi zinaweza kukaribiana huku jibu la kweli likiwa mbali. Wengine walikwishaonesha namna ya kulibana jibu kwa juu na kwa chini. Sisi tukaiendeleza kwa aina yetu ya modeli.

Miaka ya katikati nairuka: ilikuwa kuandika, kukataliwa, kuandika tena. Mhakiki mmoja aliuliza tu, “Programu iko wapi?” Tangu hapo hatupeleki andiko bila programu anayoweza kuiendesha mtu mwingine.

Kwa hiyo ndugu yangu, hesabu kwa mkono kwanza. Usiiamini namba kwa sababu imetoka kwenye kompyuta. Na usikubali kuvunjwa moyo na asiyeijua kazi yako: Clarke, Emerson na Sifakis walipata Tuzo ya Turing ya 2007 kwa ukaguzi wa modeli, yaani kompyuta kupitia hali za mfumo kuona kama unatimiza masharti yake, shina la fani yetu hii.

Anza na pete ya Herman yenye mashine tatu: zimepangwa duara, kila moja ina biti 0 au 1, na yenye biti sawa na ya jirani yake wa kushoto ina tokeni. Kila hatua, mwenye tokeni anarusha sarafu kuchagua biti mpya, asiye nayo ananakili ya jirani huyo. Ina hali nane, na ni 000 na 111 pekee zenye tokeni tatu. Tafuta inachukua hatua ngapi kwa wastani kubaki na tokeni moja, kisha niandikie ulichopata.