Klachi Niliyoifunga Mara Mbili

Mara ya kwanza nilipofunga klachi mwenyewe, uani nyumbani, nilimaliza kabla ya adhuhuri na nikajiona fundi. Gasketi mpya, oili mpya, kiki moja ikawaka. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi taratibu. Pikipiki ikavuma tu, haikusogea. Mtoto wa jirani aliyekuwa akinitazama tangu asubuhi akauliza, "Anko, mbona haiendi?" Ikabidi nikinge oili kwenye beseni safi, nifungue upya.

Kosa lilikuwa kwenye presha pleti, ile inayokandamizwa na springi. Kwa ndani ina meno yanayotakiwa kuzama kwenye meno ya kitovu cha klachi. Yasipozama, yanakalia vichwa vya wenzake. Springi zitaingia, bolti zitakaza, na kwa macho hutaona tatizo, lakini nguvu yote ya springi inaishia kwenye kitovu, na pleti, zile sahani nyembamba zinazobanana ili kupitisha nguvu ya injini, zinabaki zimelegea. Kwa hiyo ukishaiweka, kabla ya springi, ibonyeze huku ukiizungusha kidogo kushoto na kulia mpaka uisikie imezama. Ukishakaza bolti, chukua ncha ya bisibisi ujaribu kuchezesha pleti. Zikicheza, fungua. Usijidanganye kwamba zitajikaza zenyewe zikipata oili.

Turudi nyuma kidogo. Pleti mpya zenye msuguano hazifungwi kavu. Mimi huzilaza usiku kucha kwenye sahani yenye oili ya injini, ileile nitakayoitumia. Ukizifunga kavu, zinaweza kuungua siku ya kwanza tu. Kupanga ni rahisi: ya msuguano, ya chuma, ya msuguano, ya chuma, na ya mwisho iwe ya msuguano kama ya kwanza. Pleti za chuma zina upande wenye ukingo mkali na upande wenye ukingo wa mviringo. Zote zitazame upande mmoja. Kwenye baadhi ya pikipiki pleti ya nje kabisa haikai kwenye mianya mirefu ya bakuli, lile linalozibeba pleti zote, kama wenzake, inakaa kwenye mianya mifupi ya pembeni. Ndiyo maana napiga picha kwa simu kila ninapotoa kitu. Kumbukumbu ya mtu mwenye mikono ya oili si ya kuaminika.

Kabla hujapanga, pitisha kidole kwenye mianya ya bakuli. Ukikuta makovu yaliyochimbwa na pleti, zitakuwa zinakwama humo, na klachi haitaachia vizuri hata ukiivuta yote. Makovu madogo yanasuguliwa kwa tupa. Makubwa, nunua bakuli jingine. Pleti za chuma nazo zilaze juu ya kioo cha dirisha, iliyopinda itajionyesha. Springi badilisha zote kwa pamoja, hata kama ni moja tu iliyofupika.

Bolti za springi ni ndogo, na vinguzo vya kitovu zinamoingia ni vya aluminiamu. Kaza kwa kukatisha, ya upande huu kisha inayotazamana nayo, kidogo kidogo kila moja, kwa spana fupi. Nimeona kinguzo kikikatika kwa sababu mtu alitumia nguvu za nati za gurudumu.

Bolti za kava hazilingani urefu. Chora kava kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, chomeka kila bolti mahali pake. Gasketi ya zamani ikwanguliwe yote, na pini mbili za kuongozea kava zisidondoke.

Kuhusu oili: klachi ya aina hii inaoga kwenye oili ya injini, hivyo tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi kama hii. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inauhitaji huo msuguano.

Siku hizi simimini oili kabla ya jaribio moja. Injini ikiwa imezimwa, naingiza gia ya kwanza na kusukuma pikipiki bila kushika klachi: gurudumu linatakiwa kugoma. Nikivuta klachi, liachie. Halafu narekebisha waya hadi ncha ya mkono wa klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haujaanza kuvuta. Ukikosa mchezo kabisa, klachi itateleza hata kama ndani umefunga kila kitu sawasawa, nawe utafungua kava bure.