Maswali na majibu: ngazi za pikapu, na tafadhali acheni kuchomelea chesesi

Mbukwenyi. Leo ni ngazi za pembeni tu, wengine mnaita saidi stepu (breketi ni vile vyuma vinavyoishikilia ngazi, chesesi ni fremu ya chuma chini ya gari), maana tangu mvua zianze watu wanashuka kwenye magari wanatua kwenye tope halafu wanakumbuka kuniandikia.

Ngazi za pikapu bei gani? (mko wengi, sitawataja)

Pikapu gani, ya mwaka gani, singo kebini au dabo? Huwezi kumwachia fundi cherehani kitambaa ukaondoka kabla hajakupima halafu unauliza bei ya suti. Tunaendelea.

Shikamoo. Nina Hilux Vigo dabo kebini. Fundi hapa Chamwino anasema breketi za dukani ni ghali, yeye atachomelea vyuma kwenye chesesi na haitatoka milele. Nimkubalie?

Marahaba, na usimkubalie. Hili nimeshalisema humu mpaka mke wangu analijua kwa kichwa.

Pikapu nyingi za siku hizi zinatoka kiwandani na matundu ya kufungia ngazi, mengine yana nati ndani kabisa, ila yamezibwa na plagi ya plastiki au tope la miaka mitatu, fundi anaangalia juu juu anakwambia hakuna. Lala chini na brashi ya waya na tochi, sugua, utayaona. Breketi mara nyingi ni tatu kila upande. Weka bolti zote zikiwa zimelegea kwanza, panga ngazi ikae sawa, fungua na kufunga milango yote, ndo ukaze. Ukikaza moja moja kuanzia mbele, ya mwisho haiingii na hapo ndipo fundi anachukua grinda kupanua tundu, ukiona grinda chukua funguo zako uondoke.

Kuchomelea kuna shida ya joto. Chuma kilicho pembeni ya mshono kinabadilika, kinakuwa kigumu ila kinavunjika kirahisi, na chesesi ya pikapu inajipinda kila siku hasa ukibeba mzigo, kwa hiyo mpasuko unaanzia hapo hapo. Halafu upande wa pili wa hicho chuma anachochomelea kunaweza kuwa na paipu ya breki, ya mafuta, au waya, na yeye amevaa miwani nyeusi hata hazioni.

Yalinikuta. Pikapu yangu ya kwanza gereji moja ya hapa mjini walichomelea bila hata kutoa betri, wiki ile ile taa ya chaji ikawaka haizimi, nikanunua alteneta, ile inayochaji betri, nikanyamaza. Mwaka uliofuata natoka Mvumi, maji yamekata barabara yameacha korongo, tairi moja ikashuka nikasikia kwaa! Nikatandika gunia nikaingia chini. Ngazi inaning'inia kwa breketi ya nyuma, ya mbele imeng'oka na kipande cha ukingo wa chesesi, kipande chenyewe ukubwa wa kizibo cha soda, na kutoka pale kuna mpasuko mwembamba kama unywele unapanda juu. Ndani ya mpasuko kuna kutu, rangi ya ulezi kabisa. Maana yake haukutokea siku ile, nilikuwa natembea nao, na watoto nyuma.

Na kingine hukuuliza: kebini imekaa juu ya chesesi kwa raba, vinacheza kila kimoja kivyake. Breketi zikishika chesesi basi zote zishike chesesi, zikishika bodi zote bodi, usichanganye, labda kama ziliundwa hivyo kiwandani.

Mkuu nina Mazda BT-50, ngazi zake sizipati, za Ford Ranger zitaingia? (Kizota)

BT-50 ipi? Ya 2011 mpaka 2020 chini ni ndugu na Ranger ya kipindi hicho, kwa hiyo una matumaini, nenda na futi kamba upime matundu kabla hujatoa hela kwa sababu bodi za juu hazifanani. Iliyotoka 2020 kuja huku ni ndugu na Isuzu D-Max, ukimpelekea ngazi za Ranger unapoteza siku. Na mwenye Vigo asinunue za Revo, toleo lililofuata, eti zote Hilux.

Mama yangu ana miaka 74, nampeleka kliniki kutoka Kongwa, kupanda D-Max ni vita. Nichukue bomba au zile pana? (Dada wa Kongwa)

Pole dada, na hongera kwa kumtunza. Chukua pana, zenye raba au matuta ya kushika soli. Bomba la mviringo kijana anakanyaga kisigino anaruka, mzee anahitaji mguu mzima ukae. Pima kutoka chini mpaka sakafu ya kebini, ngazi iwe karibu katikati, ikiwa juu sana umemwekea mapambo. Kabla hujanunua mpeleke mama mwenyewe dukani akanyage, akiwa na viatu vyake vya kanisani, sio wewe na raba zako. Na muongezee kishikio ndani kwenye nguzo ya mlango kama hakuna, maana wazee wengi wanavuta mlango, na mlango unacheza.

Tope likiingia kwenye matuta hata ngazi nzuri inateleza. Weka kifagio kwenye gari.

Alminiamu au chuma? Shughuli zangu ni mpunga, Bahi.

Alminiamu ni nyepesi na haipati kutu nyekundu, ndo maana watu wanadhani imemaliza matatizo. Sasa ikigusana na chuma halafu pakaingia maji yenye chumvi, na mbuga ya kwenu unaijua, alminiamu ndo inaliwa, utaona unga mweupe kwenye bolti. Weka washa za plastiki kati ya ngazi na breketi, na pakaa grisi kwenye bolti. Ukichagua chuma, siku jiwe limekwangua rangi usisubiri Pasaka, sugua upake redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, siku hiyo. Bomba lolote liwe na tundu dogo chini la kutolea maji, kama halina linaoza kutokea ndani, nje linang'aa.

Naweza kupiga jeki kwenye ngazi?

Hapana.

Nimefunga mwenyewe vizuri tu, baada ya mwezi inalia kwe kwe kwe nikipita rafu. (Baba Neema, Kibaigwa)

Baba Neema, ulirudi kukaza? Bolti mpya zinajikalia, rangi chini ya washa inabonyea, na rafu zinamaliza kazi. Kaza tena ukifikisha kama kilomita 500 au 1,000, halafu kila ukimwaga oili. Nazo zisikazwe kwa hasira, bolti ya M8, ile ya spana 12 au 13, inataka kama Nm 25 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), sio uzito wako wote kwenye bomba la kurefushia spana. Ikishaliwa nyuzi ndani ya chesesi utakuja kuniuliza habari za kuchomelea na mimi sitajibu.

Siku ya mnada vijana wanasimama kwenye ngazi kama sita hivi, itahimili? (Mpwapwa)

Unaniuliza kuhusu ngazi, mimi naona vijana. Ngazi ni ya kukanyaga mtu mmoja gari ikiwa imesimama. Sita kwenye rafu ni bolti kukatika, na anayeanguka pale anaangukia mbele ya tairi yako ya nyuma. Washushe.

Zile za umeme zinazojikunja zenyewe mlango ukifungwa, unazionaje? (Area D)

Nzuri sana kwa mtu ambaye haishi Dodoma. Vumbi la Agosti likiingia kwenye zile bawaba, Januari likaja tope juu yake, inashuka haipandi, na unarudi nyumbani ngazi inakwangua kila tuta. Kama lami ya kwenu haina mwisho, nunua.

Na zenye taa za bluu chini?

Kaka, umekaza bolti?