Miaka tisa nilimpa mwenzangu mgongo

Kaka, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 26, ambaye maisha yake yote amecheza mpira wa vinyoya, yaani badminton, wa wawili wawili tu, aache duka la simu pale Makoroboi aingie kwenye ukocha hapahapa Mwanza. Walionitangulia wamegawanyika, nusu wanasema aache leo, nusu wanasema asithubutu. Mimi njia hiyo nimeipita. Nilianza kucheza 1997, nafundisha tangu 2010, na mpaka leo saa kumi na moja alfajiri nipo Mwaloni Kirumba napimisha dagaa. Jibu la upande wa hela umeshalipata hapo, lakini nitalirudia huko chini maana najua ndilo unalolitaka.

Kwanza hilo la "wawili wawili tu", ambalo mchangiaji mmoja amelisema kama ugonjwa. Huku kwetu hatukuchagua. Ukumbi niliojifunzia ulikuwa wa jumuiya moja ya Wahindi mjini kati, baba yangu akiwa mlinzi. Uwanja ulikuwa mmoja, na jioni watu kumi na wanne wamekaa kwenye benchi wanasubiri zamu. Ukicheza mmoja mmoja, kumi na wawili wanabaki kukutazama na kukusonya. Kwa hiyo wanaingia wanne, wanatoka wanne. Halafu dari lenyewe lilikuwa chini, boriti zimepita katikati. Ukiinua kinyoya kwenda nyuma kinagonga boriti, pointi imekwenda. Unajifunza kupiga bapa, kinyoya kikwaruze juu ya wavu kama kisu, na unajifunza kuwahi. Mchezaji wa mmoja mmoja anahitaji anga. Sisi anga hatukuwa nayo, tukawa watu wa wawili wawili kwa sababu ya fundi aliyeezeka paa.

Mimi nilikuwa mwokota vinyoya. Jumamosi moja mwanachama mmoja hakutokea, nikasukumwa uwanjani na kuambiwa nisimame pale kwenye wavu, kitakachonipita nimwachie mzee aliyekuwa nyuma. Nikasimama pale pale miaka kumi na miwili. Hiyo ndiyo historia yangu yote ya uchezaji, ukitoa majina ya mashindano.

Kuanzia 2000 nikapata pacha, yaani mwenzangu wa kudumu uwanjani, kijana wa Ukerewe aliyekuja mjini kujifunza ufundi wa injini za boti. Mrefu, mkono mzito, smashi yake, lile pigo kali la kushusha, ukiipokea vibaya raketi inazunguka kiganjani. Mimi mbele, yeye nyuma. Kwa msiojua mchezo: mkishambulia mnasimama mmoja mbele mmoja nyuma, na mkishambuliwa mnafunguka mnakuwa ubavu kwa ubavu, kila mtu na nusu yake. Uwanja wa wawili wawili una upana wa mita 6.1 na urefu wa mita 13.4, kwa hiyo eneo lenu wenyewe ni kama mita sita na kitu kwa kila upande. Kwenye karatasi ni padogo. Kinyoya kikiwa kinakuja, ni shamba.

Tulipoanza, hesabu ilikuwa ile ya zamani, pointi 15, na hupati pointi mpaka uwe wewe ndiye unayeanzisha. Wawili mlikuwa na mikono miwili, ukikosea wa kwanza anabaki wa pili. Wazee wa pale ukumbini walikuwa wanatuchinja kwa hesabu hiyo, wanacheza polepole, wanasubiri tujichoshe. 2006 ikaja hesabu ya pointi 21, kila kinyoya kikifa kuna pointi, na mkono ni mmoja tu. Ukianzisha kwenye wavu, pointi ya mpinzani papo hapo. Sisi tulikuwa tumeshinda jioni nzima nzima tukirudia uanzishaji mfupi, kwa hiyo mwaka ule tuliwalipa wazee madeni yao yote. Mmoja wao alisema mchezo umeharibiwa na watu wa televisheni. Pengine hakukosea.

Jambo moja ambalo mdogo wako alijue kama bado hajasafiri. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na kinyoya hakishikwi nayo sana, kinakwenda mbali. Vinyoya vya manyoya vinaandikwa namba za kasi kwenye kopo, 75, 76, 77 na kuendelea, namba ndogo ndiyo ya polepole. Sisi tulikuwa tunaagiza makopo Dar, wanatuletea 77, ukiinua kidogo kimetoka nje. Tukawa tunakunja ncha za manyoya kwa nje, moja moja, ili kishike upepo. Tuliposhuka Dar kucheza, mikono yetu ilikuwa imezoea kujizuia, kila tunachoinua kinafia katikati na jamaa wanakishukia kama mwewe. Tulifungwa asubuhi, saa nne tukawa tunakula mihogo ya Coco Beach. Nauli ya kurudi tuliahidiwa na kiongozi mmoja, simtaji, na sijaiona mpaka leo.

Goti langu liliisha 2009. Pacha akarudi Nansio kutengeneza injini. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa sekondari huko Nyakato akaniomba niwafundishe wanafunzi wake, uwanja wa nje, udongo uliochorwa mistari kwa majivu, wavu wa kuvulia uliokatwa. Nilifika saa tisa alasiri siku ya kwanza, na upepo wa ziwani ukawa unachukua kinyoya unakipeleka barabarani. Nikahamishia mazoezi saa moja asubuhi Jumamosi, kabla ya jua kupasha nchi kavu na ziwa kuanza kuvuta pumzi. Na vinyoya vya nailoni, vile vyenye utepe wa kijani shingoni, ndivyo vya polepole. Bluu ni wastani, nyekundu ni kasi, usinunue nyekundu kwa Mwanza hata ukipewa kwa nusu bei.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Miaka miwili ya kwanza nilikuwa kocha mbovu, na sikujua. Watoto wangu walikuwa hodari kwenye wavu kupita kiasi. Wote. Ukiweka wawili uwanjani, wote wawili wanakimbilia mbele kama kuku walioona mtama, na nyuma yao pameachwa wazi. Tulicheza na vijana wa kutoka Musoma ambao mmoja mmoja hawakuwafikia wangu kwa ujanja, wakawa wanainua tu kinyoya kwenda kona za nyuma, kushoto, kulia, kushoto, mpaka wangu wakakaa chini. Nilifoka. Niliwaambia "rudini nyuma", na yule binti mkubwa akaniuliza, "Tukirudi tufanye nini, kocha?" Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka.

Nilipanda meli kwenda Nansio wiki ile. Pacha nilimkuta mwaloni, mikono yote oili, ana injini imefumuliwa juu ya gunia. Nikamweleza. Akacheka sana, akachukua vifuniko vya soda akavipanga mchangani, akachora wavu kwa msumari. Kisha akaniambia jambo ambalo nililichukia kwa siku kadhaa: kwamba katika miaka tisa mimi sikuwahi kumwona akicheza. Ni kweli. Aliyesimama mbele anatazama wavu na wapinzani. Mwenzake yuko mgongoni. Nilikuwa nasikia smashi yake, naona kinyoya kikinipita sikioni, basi. Yeye alikuwa ananiona muda wote.

Akaniuliza kama najua kisigino changu cha kulia kinafanya nini. Nikasema kisigino gani. Akasema kila nilipokaribia kuruka kuziba kinyoya upande wa kushoto, kisigino cha kulia kilikuwa kinanyanyuka kabla, kitambo kidogo tu. Yeye akikiona anasogea kulia, maana anajua pale nitapaacha. Kikibaki chini anakaa katikati. Miaka tisa alikuwa anasoma kisigino, na mimi miaka tisa nilikuwa najisifu kwamba tunaelewana bila kusemeshana. Kuelewana kulikuwa kwake. Mimi nilikuwa nabebwa.

Tangu hapo nafundisha tofauti. Wiki moja kila mwezi wa mbele wote wanacheza nyuma na wa nyuma wanakwenda mbele, wanune wasinune. Wa nyuma namkalisha kwenye kiti nje ya mstari wa mwisho, hana raketi, kazi yake kumtazama mwenzake miguu na kutamka "kushoto" au "kulia" kabla hajaruka. Wa mbele nao nawafundisha kusikiliza vishindo. Kishindo kizito cha mguu mmoja maana yake mwenzako amepinda, hana mizani, usitarajie smashi, jiandae kufunguka ubavuni. Vishindo viwili vya haraka amekaa vizuri, wewe panda kwenye wavu. Uwanja wa udongo unasaidia kwa hili, wa sakafu ya mbao zaidi. Na nina bomba la plastiki lenye utepe mwekundu kwenye mita 1.15, maana tangu 2018 sheria imeweka kimo hicho badala ya sheria ya zamani ya kiuno na ubishi wake wa kiuno kiko wapi. Kinyoya chote kiwe chini ya hapo unapokipiga kuanzisha. Watoto warefu wanalichukia bomba lile.

Kwa hiyo kaka, mchangiaji aliyesema mchezaji wa wawili wawili hawezi kufundisha ameangalia upande usio na tatizo. Tazama wakubwa. Rexy Mainaky wa Indonesia alichukua dhahabu ya Olimpiki Atlanta 1996 akiwa na Ricky Subagja. Akaenda Uingereza kufundisha, na Nathan Robertson na Gail Emms wakapata medali ya fedha ya mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, Athens 2004, wakati dhahabu yake mwenyewe ilikuwa ya wanaume wawili wawili. Akahamia Malaysia, akawakuza Koo Kien Keat na Tan Boon Heong, wakabeba dhahabu ya Michezo ya Asia 2006 na ubingwa wa mashindano ya All England 2007. Au Mathias Boe wa Denmark, medali ya fedha ya Olimpiki London 2012 na Carsten Mogensen. Boe alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, mwerevu zaidi ya mwenye nguvu. India wakampa Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty, na Satwiksairaj ndiye ambaye smashi yake ilipimwa kilomita 565 kwa saa mwaka 2023. Boe hakujaribu kumgeuza awe Boe. Mwaka huohuo wawili wale walipata dhahabu ya Michezo ya Asia kule Hangzhou. Mimi nikiwatazama kwenye simu pale Mwaloni, katikati ya magunia, nilikuwa namwangalia kocha kwenye kiti nyuma ya uwanja kuliko wachezaji. Kiti kile kimewekwa mahali pa pacha wangu.

Hela, basi. Watoto wa shule hawalipi, na ukiwatoza hawaji. Wanaolipa ni watu wazima wa ofisini wanaotaka kupunguza tumbo jioni, mimi nawatoza 10,000 kwa saa kila mmoja, wanne uwanjani. Toa pango la ukumbi, toa vinyoya. Kopo la vinyoya 12 vya manyoya mara ya mwisho nilinunua kwa 65,000, na watu wanne wenye hasira za bosi wanalimaliza kwa jioni tatu. Mwezi mzuri kinabaki cha kulipia ada ya mtoto mmoja. Mwezi wa Ramadhani na wa Desemba hakibaki kitu. Asiache duka. Afungue saa tatu badala ya saa mbili, mazoezi ya asubuhi yanaingia vizuri kabisa humo.

Cheti kitamsaidia. Shirikisho la dunia lina kozi za makocha kwa ngazi, na lina programu ya mashuleni inayoitwa Shuttle Time, ipo tangu 2012, masomo yake na video ni bure mtandaoni. Mkuu wa shule ambaye hakukupa hata kiti, ukimwekea karatasi yenye mhuri mezani anaita mtu alete soda. Nimeona mara mbili.

Pacha sasa anavuka mara mbili kwa mwaka. Haingii uwanjani, mgongo wake nao umechoka, anakaa kwenye kile kiti nyuma ya mstari na watoto wanagombania kucheza upande wake. Mwezi uliopita alimwita yule binti mdogo anayecheza mbele, akamnong'oneza kitu, na mimi sijaambiwa mpaka leo ni nini, ila kisigino cha mtoto kimetulia.

Mdogo wako anacheza mbele au nyuma? Hilo hukulisema. Kama ni nyuma, mlete Jumamosi saa moja asubuhi na nina kazi naye. Kama ni mbele, mlete pia, lakini kwanza amtafute aliyekuwa anasimama mgongoni kwake, akamnunulie chai.