Mtoto wa tumboni anahesabiwa: bima ya ujauzito Texas kwa mwenye grini kadi changa

SWALI: Tunaishi Irving, Texas. Tulitoka Nakuru miaka miwili iliyopita baada ya mume wangu kushinda bahati nasibu ya grini kadi. Nina mimba ya wiki 11. Yeye anafanya kazi ghalani, dola 22 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Mimi niliacha kazi kwa sababu ya kutapika. Kazini kwake wanasema muda wa kuniongeza kwenye bima umepita, ningoje msimu ujao. Niliomba Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, tukajaza kwamba tuko wawili nyumbani. Barua imekuja: kwa Medicaid hali yangu ya uhamiaji hainiruhusu, na kwa CHIP Perinatal, bima ya jimbo kwa mtoto aliye tumboni, mapato yetu yamezidi. Sasa kuna mtu amenipigia simu, anauza mpango wa bima wa dola 165 kwa mwezi na anataka nilipe leo. Nilipe?

JIBU: Usilipe, dada. Angalau si leo. Kosa liko kwenye fomu yenu, na linarekebishika.

Mmeandika mko wawili. Kwa bima za serikali za wajawazito hapa Texas, mtoto aliye tumboni anahesabiwa kama mtu wa nyumba. Mko watatu. Najua ukitoka nyumbani kwetu, ambako wazee hawapendi hata nguo za mtoto zinunuliwe kabla hajazaliwa, kumwandika kwenye karatasi ya serikali akiwa na wiki 11 kunaonekana kama kujitafutia mkosi. Lakini angalia hesabu.

Dola 22 mara saa 40 mara wiki 52 ni dola 45,760 kwa mwaka, kabla ya makato. Wanaangalia kabla ya makato, si kile kinachoingia benki. CHIP Perinatal inapokea familia yenye mapato yasiyozidi asilimia 202 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Kwa viwango vya 2025, kwa watu wawili hiyo ni kama dola 42,723 kwa mwaka. Mmezidi kwa dola elfu tatu hivi, ndiyo maana kompyuta imewatema. Kwa watu watatu kikomo ni dola 53,833. Mko ndani, tena kwa nafasi. Viwango hupandishwa kidogo kila mwaka, kwa hiyo havitawabana zaidi ya hapo.

Upande wa Medicaid, barua haijakosea. Sheria ya 1996 iliweka ngoja-ngoja ya miaka mitano kwa wengi wanaoingia na grini kadi. Majimbo yaliruhusiwa baadaye kuwaondolea wajawazito ngoja hiyo, na mengi yamefanya hivyo, lakini Texas imechagua njia nyingine: inamwekea bima mtoto wa tumboni. Hiyo ndiyo CHIP Perinatal. Karatasi za uhamiaji za mama hazitazamwi kabisa, kwa kuwa anayekatiwa bima si yeye.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga 2-1-1, chagua lugha, kisha bonyeza 2 upate watu wa misaada ya jimbo. Sema unataka mkalimani wa Kiswahili. Ni bure na ni haki yako, hata ukisikia mtu anapumua kwa kuchoka upande wa pili. Waambie idadi ya watu wa nyumba ilijazwa vibaya, wewe ni mjamzito, mtoto mmoja anatarajiwa. Wakikwambia uombe upya, omba upya. Mara nyingi ni haraka kuliko kubishana. Lakini usiitupe ile barua ya kwanza, kwa sababu una siku 90 tangu tarehe yake kuomba rufaa ikibidi. Andaa hati za malipo za mumeo na karatasi ya kliniki inayoonyesha mimba na tarehe ya kujifungua.

Ukikubaliwa, hakuna ada ya kujiunga wala cha kulipa kila ukienda kliniki. Unapata hadi ziara 20 za kliniki ya wajawazito, vipimo vinavyohusu mimba, dawa na vitamini, uzazi wenyewe (ila bili ya hospitali ina njia yake, naieleza hapa chini), na ziara mbili baada ya kujifungua.

Sasa nitakaa kidogo kwenye jambo ambalo watu hawaambiwi, na ndilo linalowaumiza. Kwa mapato yenu, ambayo yako chini ya asilimia 198 ya kile kiwango cha umaskini kwa watu watatu, bili ya hospitali ya siku ya kujifungua hailipwi na CHIP Perinatal. Inalipwa na Medicaid ya dharura, ambayo unaruhusiwa hata ukiwa na grini kadi ya jana. Ili ilipwe, kuna karatasi. Inaitwa fomu H3038-P. Itakuja kwa posta kama mwezi mmoja kabla ya tarehe yako. Unaibeba hospitalini, daktari au mhudumu anajaza tarehe ya kuzaa na kutia sahihi, kisha inarudishwa jimboni. Karatasi hiyo moja inafanya kazi mbili: inalipa hospitali, na inamfungulia mtoto Medicaid yake mwenyewe kwa miezi 12.

Mwaka mmoja nilimsaidia mama mmoja aliyeipokea, akaiweka kwenye droo pamoja na matangazo ya pizza. Alidhani ni barua nyingine ya kumkumbusha miadi. Alipotoka hospitalini bili zilimfuata, moja ya kitanda, moja ya daktari wa ganzi, moja ya mtoto, kila moja na bahasha yake. Tuliitafuta fomu, tukarudi hospitalini, na yule mama wa ofisi ya bili akatuambia tukae foleni ileile ya watu wanaokuja kulipa. Ililipwa mwishowe, baada ya miezi. Wewe ikifika itie kwenye mkoba wa kujifungulia, juu ya nguo za mtoto. Ukikaribia wiki ya 36 haijaja, piga tena 2-1-1. Na ukihama nyumba, badilisha anwani kabla hujafunga hata sanduku moja.

Bima hii ina mapengo. Kwa kuwa ni ya mtoto, ukilazwa kwa kitu kisichoishia na kuzaa, hata kama ni uchungu wa uongo, kulazwa huko hakumo. Pumu au moyo wako wewe havimo. Kwa hayo, nyie wa Irving mko kaunti ya Dallas na mna bahati ya Parkland, hospitali ya kaunti, ambayo ina mpango wa kuwapunguzia wakazi wa kaunti kulingana na mapato. Uombe mapema, ukiwa mzima. Na kama kitu kimekushika usiku, nenda chumba cha dharura cha hospitali yoyote iliyo karibu: sheria ya 1986 inawalazimu kukupima na kukutuliza kabla ya kuzungumza pesa, na mwenye uchungu wa kuzaa ametajwa humo. Bili itakuja, lakini tutapambana nayo baadaye.

Kuhusu yule anayeuza mpango wa dola 165. Muulize maswali mawili, na atume majibu kwa maandishi: je, hii ni bima inayofuata sheria ya afya ya 2010, na je, inalipia mimba ambayo tayari ipo? Bima za muda mfupi hazilazimiki kulipia uzazi, na mipango ya kuchangiana gharama, ambayo huuzwa sana makanisani kwetu, si bima kisheria. Mingi ya hiyo inataka uwe mwanachama kabla ya kushika mimba. Bima inayofuata sheria hiyo ya 2010 haiwezi kukukataa kwa sababu una mimba, na wala haina haja ya kukuharakisha ulipe leo.

Utaambiwa pia ujaribu HealthCare.gov, soko la bima la serikali kuu mtandaoni. Ukiwa na grini kadi unaruhusiwa, lakini kushika mimba hakukufungulii mlango nje ya msimu wa kujiandikisha, ambao huanza tarehe 1 Novemba. Kuzaa ndiko hukufungulia: siku 60 huko, na siku 30 tu kazini kwa mumeo. Weka alama kwenye kalenda, kwa ajili yako wewe. Mtoto atakuwa na Medicaid, lakini yako ya CHIP Perinatal inaisha baada ya zile ziara mbili. Rafiki zako watakwambia mama anapewa mwaka mzima baada ya kuzaa. Hiyo ni ya wenye Medicaid kamili, tangu Machi 2024.

Na kama kuna anayekutisha kwamba ukichukua msaada huu utanyimwa uraia, ombi la uraia halina kipengele cha kuuliza kama uliwahi kuwa mzigo kwa serikali. Hofu hiyo nimeona ikiwaweka wanawake nyumbani hadi mwezi wa saba bila kupimwa hata presha.

Usingoje barua mpya ndipo uende kliniki. Tafuta kituo cha afya cha jamii kinachotoza kwa kipimo cha mapato. Uliza hivyo hivyo unapopiga simu. Kutapika kwako kunatakiwa kuonwa wiki hii, na kama hata maji hayakai tumboni, leo. Pitia na WIC, mpango wa chakula kwa wajawazito na watoto wadogo, ukiwa huko: nao humhesabu wa tumboni, na kikomo chao cha asilimia 185 kwa watatu kilikuwa kama dola 49,300 kwa viwango hivyo vya 2025, kwa hiyo chakula na maziwa mnastahili.

Barua mpya ikifika, macho yaende kwanza kwenye idadi ya watu. Iwe 3. Na skani ikionyesha pacha, piga tena simu, iwe 4.