Anaelewa Kichina lakini anajibu Kiingereza

Dada, umeuliza kama mwanao anapoteza Kichina. Mtoto wa miaka saba anayemwelewa baba yake kwa Kichina kisha akajibu kwa Kiingereza hajapoteza lugha, hasa huko Toronto ambako shule nzima ni Kiingereza. Mwambie shemeji asimkaripie. Aendelee tu kumjibu kwa Kichina kana kwamba hakusikia kingine.

Penye kazi ni kusoma. Sisi na Kiswahili chetu, ukishajua herufi unasoma chochote. Kichina hakina huruma hiyo: mtaala wa China unataka mtoto anayemaliza shule ya msingi atambue alama za maandishi zipatazo 3,000, na huko wanafundishwa karibu kila siku. Shule ya Kichina ya Jumamosi haiwezi kushindana na hilo, usijilaumu bure. Mimi ningeanza na kutambua tu, kuandika kwa mkono baadaye. Dakika kumi kila jioni, baba akisoma kwa sauti vitabu vyenye pinyin, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini, juu ya alama. Ila pinyin ikikaa sana, jicho la mtoto linaizoea na kuziruka alama zenyewe, kwa hiyo anzeni kuifunika mapema. Ah, na muulizeni bibi yake anaandika alama zipi, zile zilizorahisishwa za China bara au za jadi za Taiwan na Hong Kong. Shikeni moja kwanza.

Na wewe jifunze naye. Ukikosea toni, yaani sauti inavyopanda na kushuka, kati ya mǎi (kununua) na mài (kuuza), umeuza ulichotaka kununua. Atakucheka, halafu atakusahihisha kwa Kichina.